Vishikio vya Mzee Sindano

Bi Mkubwa alijua mambo yameharibika nyumbani mwake asubuhi ile mumewe alipojibu kitendawili.

Si kwamba mzee hakuvijua vitendawili. Enzi za cherehani yake, mtaa mzima ulipomwita Sindano, alikuwa akijibu kabla mtegaji hajafunga mdomo. Lakini tangu macho yake yalipozima, kwanza moja kisha la pili, hakuwahi kupata hata kimoja. Kila kukicha, wakiwa bado kitandani, mke humtegea. Mume huguna, hujikuna kidevu, hutoa jibu la ovyo kabisa, mwisho husema ameshindwa. Na kwa kuwa katika nyumba ile aliyeshindwa hatoi mji bali hutoa chai, mzee huamka, hupapasa ukuta wa ukumbini, huingia jikoni na kuwasha moto.

Mke alijua anashindwa makusudi. Mume alijua kwamba mke anajua. Hakuna aliyelisema. Mwanamume ambaye zamani hakuingia jikoni hata kuchota maji ya kunywa alikuwa amejipatia kazi ya asubuhi bila mtu kumwonea huruma, na Bi Mkubwa angekubali kung'olewa meno yote kuliko kumvunjia siri hiyo.

Jikoni mle mlikuwa mwake hasa. Kila kishikio cha kabati alikuwa amekivalisha nguo yake, kwa vidole vilevile vilivyoshona suti za mabwana harusi. Kabati la sukari lilivaa utepe wa mahameli. La vikombe lilining'inizwa kifungo kikubwa cha koti. Droo ya visu aliizungushia kamba ya katani inayokwaruza, ili mkono ukiigusa ujue hapa pana wenyewe. Jiko la gesi lilikuwa la zamani, la miguu minne, lenye swichi za kuzungusha: moto mdogo hulia "ta", moto mkubwa hulia "ta, ta". Birika lilikaa mdomo ukitazama dirisha, na ole wake mtu aligeuze.

Hata watoto hawakuyajua hayo. Wageni wakija, mzee alikaa sebuleni kama hakimu na mkewe akaleta sinia. Alitaka hivyo mwenyewe. Akisema watu watadai amefanywa mpishi, mke humjibu asiwe na wasiwasi, kwa chai ile hakuna atakayemwita mpishi.

Basi asubuhi hiyo Bi Mkubwa akaanza kama kawaida.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimemkalisha motoni, badala ya kulia anapiga mluzi."

Mzee hakuguna. Hakujikuna kidevu. "Birika," akasema, akageukia ukutani na kuvuta shuka.

Bi Mkubwa alibaki ametoa macho darini. Afadhali angetukanwa.

Chanzo kilikuwa hiki. Walikuwa wamekwenda kumuuguza wifi yake, dada wa mzee, aliyeanguka akavunjika nyonga, wakakawia huko mpaka aliposimama. Waliporudi, jana yake tu, walipokewa mlangoni na kitindamimba wao, yule waliyembatiza Kimulimuli kwa sababu tangu utotoni hakutulia mahali pamoja. Alikuwa akicheka peke yake. Alimziba mama macho kwa viganja, akamsukuma taratibu hadi jikoni, akamwachia na kumwambia afumbue.

Bi Mkubwa alifumbua, akadhani ameingia benki.

Kila kitu kilikuwa rangi ya majivu. Kuta, sakafu, makabati, hata pazia. Makabati yenyewe hayakuwa na kishikio hata kimoja. Yalikuwa ukuta mmoja laini kutoka pembe hii hadi ile, unabonyeza ndipo mlango unaruka. Jiko la gesi halikuwapo. Mahali pake palilazwa kioo cheusi, bapa kama simu, cha kuwashwa kwa kuguswa tu. Birika lilikuwa limefichwa, maana siku hizi, Kimulimuli alieleza, vitu havikai nje, vinachafua macho.

Binti huyo huuza mapazia na mapambo, na simu yake imejaa picha za nyumba za watu. Alisimulia kwa furaha kwamba vishikio vimepitwa na wakati, kwamba wateja wake wote wameving'oa. Mama yake alisikiliza akikumbuka jinsi mambo haya yalivyoanza kidogo kidogo. Kwanza simu zilipoteza vibonyezo, watu wakashangilia. Kisha nguo za watoto wachanga zikawa rangi ya saruji, kana kwamba mtoto anazaliwa aende msibani. Sofa zikafuata, maduka yakafuata, saluni zikafuata. Sasa fasheni ilikuwa imekosa pa kwenda, ikabisha hodi jikoni kwake yeye hayupo, ikaingia na kuvua viatu. Na majivu! Maisha yake yote ameyazoa akayamwaga nje, leo anarudishiwa kama zawadi.

Aliyameza maneno. Mtoto alikuwa amejinyima, na uso wake ulikuwa ukingoja sifa. Akashukuru. Kisha akageuka akamwona mumewe.

Mzee Sindano alikuwa amesimama mbele ya makabati, mkono ukitembea juu ya ule ubao laini. Ulikwenda mpaka mwisho, ukarudi. Haukukuta utepe. Haukukuta kifungo. Alibonyeza, na mlango wa juu ukaruka ukamgonga kwenye paji la uso. Kimulimuli akacheka, wala si kwa ubaya, akamshika baba bega na kumrudisha sebuleni, akimwambia jikoni si mahali pake.

Jioni, binti akiwa amekwenda zake, mzee alijaribu tena. Bi Mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameipua maji ya kuoga ambayo binti aliyabandika kabla ya kuondoka. Mzee akanyoosha kiganja cha kushoto kutafuta moto uko upande gani. Lakini moto wa kioo hauvumi, haunuki, hausemi. Ulimwonyesha ulipo kwa kumbabua.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jiko hili halinijui," akaenda kukaa. Na asubuhi akajibu kitendawili.

Kwa hiyo chai ikawa ya Bi Mkubwa. Kile kioo alipokigusa kililia kama kifaranga, kikawaka, kikazima. Alibonyeza kutafuta vikombe, likatoka pipa la taka. Alibonyeza kwingine, hakikutoka kitu. Chai ilipopatikana ilikuwa vuguvugu, haina ladha kwa kuchemka nusunusu, na alipompelekea mumewe, mzee aliipokea kwa mikono miwili, mmoja umefungwa kitambaa.

"Asante sana, mama," akamwambia kwa adabu, kama mgonjwa anavyomshukuru nesi.

Hiyo asante ndiyo iliyomwasha. Angelalamika, angeimwaga, angesema chai gani hii, Bi Mkubwa angevumilia. Lakini mumewe alikuwa ameshukuru kama mgeni ndani ya nyumba yake. Damu ilimpanda hadi masikioni. Alikuwa akitafuta kitu cha kubamiza, na jikoni mle hamkuwa na hata mlango unaobamizika, yote inajifunga polepole kwa madaha, ndipo aliposikia chuma kinaburutwa uani.

Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake. Alikuwa ameshalitoa jiko la gesi nyuma ya ukuta alikoliacha seremala aliyefunga makabati mapya, analiegemeza alipakie. Bi Mkubwa hakusalimia. Alitoka, akalisukuma jiko likasimama sawasawa kwa miguu yake minne, akapanda, akakaa juu yake.

Mnunuzi akasema kwa upole kwamba binti wa nyumba ndiye aliyemwambia aje kulichukua.

"Chukua," akajibu Bi Mkubwa. "Ila utanibeba na mimi."

Yule bwana alimtazama, na Bi Mkubwa si mwanamke mdogo, kisha akayatazama magurudumu ya mkokoteni wake. Akatoa simu akampigia binti.

Kimulimuli alifika akihema, na seremala nyuma yake, maana alidhani labda mlango umekwama. Alimkuta mama yake amekaa juu ya jiko kama kiti cha enzi, majirani wamejaa uzioni.

"Mama, shuka basi. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Si ndicho ulichonijengea, kitu cha kuangaliwa?"

Binti akauliza amekosa nini. Alikuwa amemwona mama yake anachoka, akataka apumzike, na wenzake wote wana majiko hayo. Mama alimuuliza vile vitambaa kwenye vishikio alivifanya nini.

Kimulimuli alilishangaa swali. Vitambaa? Ulikuwa uchafu tu. Alimwambia seremala akate, atupe. Seremala akakohoa. Alisema yeye aliuliza, kwa kuwa ushonaji ule ulikuwa mzuri mno kwa kitu cha kutupa, lakini aliambiwa afuate picha, na kwenye picha hapakuwa na vitambaa.

"Wote wananiletea picha hiyohiyo, mama," akasema. "Wala sijawahi kuletewa yenye mtu ndani."

"Ulimuuliza baba yako?" Bi Mkubwa alimgeukia binti.

"Baba? Baba na jiko wapi na wapi, mama?"

Jibu lilikuwa limemfika Bi Mkubwa ulimini, linamuunguza, lakini halikuwa lake kulitoa. Alipiga kisigino kwenye ubavu wa jiko, kikavuma uani kote. Akapiga tena. Hasira isiyoweza kusema jina lake inachosha kuliko kulima, na macho yalimjaa maji kwa ghadhabu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, Mzee Sindano akatokea na fimbo yake, kitambaa mkononi.

"Chai ya nyumba hii naipika mimi," akasema.

Hata mnunuzi wa vyuma aliacha kuchezea kamba yake.

"Tangu macho yalipoondoka. Mama yako anatega, mimi nashindwa, napika. Vile ulivyotupa nilivishona mwenyewe, ili mkono ujue unakwenda wapi. Sasa naingia jikoni kwangu kama mwizi." Akapumua. "Kupofuka hakukunitia aibu, mwanangu. Aibu nimeiona jana."

Kimulimuli alikaa chini palepale, juu ya matofali. Alisema atawanunulia jiko jingine, yapo siku hizi yanayoongea, yanakutajia moto uko wapi.

"Tukitaka wa kuongea tunaye wewe," mama yake akamkata. "Seremala, vishikio viko wapi?"

Vilikuwa kwenye gunia lake. Kilikuwa chuma kizuri, hakuwa na moyo wa kukitupa. Bi Mkubwa, bado yuko juu ya jiko, akatoa amri: vyote virudi, leo, kwenye hizohizo mbao za majivu. Binti alisihi, akasema zitatoboka, hazitazibika tena, na kama ni lazima basi angalau vipangwe kwa mstari mmoja. Mama akasema vitakaa pale mkono wa baba yake utakapotua.

Ikawa hivyo. Mzee alisimama mbele ya kila mlango, akashusha mkono kama alivyozoea, akasema, "Hapa," na seremala akatoboa. Kila tundu lilipolia Kimulimuli alifumba uso. Ilipokwisha, vishikio vilikuwa vimekaa huku juu na kule chini kama vifungo vya shati la mtoto aliyejivalisha mwenyewe. Jiko la gesi likarudi mahali pake. Mkokoteni haukuondoka mtupu: kioo cheusi kilipanda kikapelekwa kwa Kimulimuli, akakitazame kwake.

Utepe na kifungo havikupatikana tena. Mzee alianza upya, akivaa kidoleni subana yake, kile kikofia cha chuma cha mafundi nguo, na binti akimtungia uzi. Alikuwa ameleta vipande vya mapazia. Baba alivipapasa, akauliza kimoja ni cha rangi gani.

"Majivu, baba," Kimulimuli akajibu, sauti chini.

"Lete. Mkono haujali."

Mama yake hakucheka. Hasira yake haikuisha siku hiyo. Ilitoka vipande vipande, kama mwiba mzee. Alimpa binti chakula, alimpa maji, hakumpa maneno, na alipoona simu inainuliwa ipige picha aliifunika kwa kiganja akaishusha.

Kesho yake kulipokucha, Bi Mkubwa alivuta shuka, akaliachia. Aliogopa kutega. Mwishowe akajikaza.

"Kitendawili."

"Tega."

Alichagua chepesi kuliko vyote, cha mtoto wa fundi nguo: "Askari wangu ana kofia ya chuma, anasukuma mkuki mwembamba na haumchomi."

Bi Mkubwa alibana pumzi. Mzee Sindano aliguna. Akainua mkono akajikuna kidevu, polepole, kwa kidole ambacho bado kilikuwa na subana aliyosahau kuivua jana.

"Hiki kigumu," akasema. "Ng'ombe?"

"Si ng'ombe."

"Basi nimeshindwa."

Akashusha miguu chini. Mke alimsikia akipapasa ukuta wa ukumbini, akamsikia akiingia. Mkono ukakwaruza mbao, ukitafuta. Kisha vikombe vikagongana, na nyuma yake, wazi kabisa, jiko likalia "ta".