Chenga za Asubuhi ya Ndoa

Katarina alikuwa na mikono ya moto, na hilo ndilo lililomwuma. Angekuwa mvivu, angejirekebisha. Angekuwa mdokozi wa sukari kama wapishi wengine wa kule mgodini, angeapa na kuacha. Lakini mikono ya moto utaifanya nini, na umezaliwa nayo?

Miaka minne alikuwa amempikia Mama Hendriki, mke wa injinia wa Kiholanzi, katika nyumba ya Wazungu pale Mpanda. Alijua kuchoma nyama, alijua mkate, alijua supu ya njegere mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Kilichomshinda ni pai ya matofaa. Matofaa yalikuja na treni ya Tabora mara chache kwa mwaka, kila moja limefungwa karatasi, na yakifika nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Chini ya pai unatandaza donge la unga kwenye bati. Katikati unajaza matofaa yaliyokatwa vipande na kuchanganywa na sukari na mdalasini. Juu hufuniki. Juu unanyunyiza unga uliofikichwa na siagi na sukari mpaka ukawa punje punje, na hapo ndipo pai nzima inapopendeza au kuharibika.

Hizo punje zilikuwa na jina lake la Kiholanzi, jina la kukwaruza koo. Katarina alilijaribu mara mbili, akaona ni upuuzi. Akaziita chenga, na chenga zikawa chenga, hata Mama Hendriki mwenyewe akaitika. Tatizo ni kwamba chenga zinataka vidole vya baridi. Katarina akifikicha, siagi inayeyuka, inakuwa uji mzito, na pai inatoka tanurini imevaa ngozi ngumu ya kuvunja meno.

Ndipo akaja Verdiana. Binti huyu hakuwa na baba wala mama, alilelewa na Masista huko Karema, akaletwa Mpanda kuosha vyombo. Katarina ndiye aliyempa pa kulala kwenye kota yake nyuma ya nyumba. Ndiye aliyemfundisha kuwasha lile jiko la chuma bila kujaza moshi. Binti akamwita mama, na Katarina, ambaye hakujaliwa mtoto, akaitikia kwa furaha, nisimsingizie. Siku moja Verdiana akafikicha chenga. Zikatoka kavu, nyepesi, zinamwagika kama mchanga. Mama Hendriki akazitazama, akacheka kwa furaha, na tangu siku hiyo mikono ya Katarina haikugusa tena bakuli lile.

Hayo angeyavumilia. Lakini wiki mbili kabla ya ndoa ya Verdiana, Mama Hendriki aliingia jikoni na kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja akasema, "Baada ya harusi Verdiana napika. Katarina nafua nguo. Katarina iko mikono moto." Akatabasamu, akatoka. Mtu anavuliwa upishi wake kama anavuliwa kanga, na anayemvua anatabasamu.

Verdiana alikuwa anaolewa na Ponsian, karani wa mgodini, kijana wa Kibaoni huko Mpimbwe. Wangekaa Mpanda, ndiyo maana kazi ya jikoni ingekuwa yake. Na msimamizi wa bibi arusi alikuwa nani? Katarina huyo huyo. Alikuwa amekubali tangu zamani, kabla ya maneno ya kufua nguo, na sasa hakuweza kukataa watu wasiulize.

Padri alifika Jumamosi kwa pikipiki kutoka Karema. Alikuja Mpanda kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo aliungamisha watu mpaka jua likazama. Naye alikuwa Mholanzi, kwa hiyo Mama Hendriki akaamua kwamba baada ya Misa ya ndoa atamkaribisha chai na pai ya kwao. Pai iokwe asubuhi ya Jumapili, itoke na joto lake. Na chenga azifikiche Verdiana. Ndiyo, bibi arusi, asubuhi ya ndoa yake. Mama Hendriki hakuona ubaya wowote.

Sasa siku zile sheria ilikuwa kali. Anayetaka kukomunika, yaani kupokea Komunyo, hali kitu tangu saa sita ya usiku. Si chai, si tonge, si punje. Mwalimu Telesphor, katekista, alikuwa amewaimbisha hilo hadi likawakaa kichwani: aliyekula akapokea, amekufuru. Na maarusi walikomunika wa kwanza, mbele ya watu wote.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Verdiana alikuwa jikoni, nywele zimesukwa, gauni jeupe linamsubiri kotani. Alifikicha huku akiimba kwa chini. Katarina alikuwa akimenya matofaa na kumtazama shingoni. Siagi ya kopo mara nyingine ilikuwa na chumvi nyingi, kwa hiyo Mama Hendriki alikuwa amemzoesha binti kuonja chenga kidogo kabla ya kuzinyunyiza, kila mara, bila kukosa. Mkono ulikuwa umezoea kiasi kwamba ulikwenda mdomoni wenyewe.

Sitasema Katarina alipanga tangu jana yake. Lilimjia pale pale. Aliona binti amemaliza, amesimama anapangusa vidole, na kwa mara ya kwanza hakuonja, kwa sababu alikumbuka. Katarina akachota chenga kwa kijiko, akamnyooshea huku akitazama upande wa jiko, akasema kwa sauti ya kazi ya kila siku.

"Hebu chumvi."

Verdiana akafungua mdomo, akaonja, akameza. "Iko sawa, mama," akasema. Kisha uso ukamwanguka.

"Mama. Nimemeza."

"Umemeza nini?"

"Chenga. Mama, leo nakomunika."

Katarina akaweka kijiko chini. Hapo angeweza kusema nenda mbio kwa Padri, bado hajavaa mavazi ya Misa, mwambie. Padri angejua la kufanya, na hakuna mtu angepata neno. Akasema, "Nyamaza. Ukimwambia Padri atasema tumefanya ndoa mchezo, atakuahirisha mpaka arudi, miezi mitatu. Mama mkwe wako ametoka Kibaoni na lori la watu. Kidogo vile ni kitu gani? Pita tu ukapokee."

"Mwalimu Telesphor alisema hata punje."

"Basi usipite. Mimi nitasema nini? Roho ni yako."

Ni ukatili, na ninausema waziwazi. Alimfungia milango yote miwili na akarudi kwenye matofaa yake.

Kanisani maneno ya ndoa yalikwenda vizuri. Verdiana alisema ndiyo, Ponsian akasema ndiyo, pete ikaingia. Ulipofika wakati wa Komunyo, Padri alishuka akampa Ponsian. Akasogea kwa Verdiana. Binti alikuwa amepiga magoti, ameinamisha kichwa, na alipoonyeshwa Hostia akatikisa kichwa mara mbili. Padri akasita. Akampita. Nyuma yao kanisa zima liliona, na kikohozi kikaanza upande wa wanawake, kikohozi kile ambacho hakina mafua. Bibi arusi aliyeungama jana na leo hakomuniki, kafanya nini usiku?

Aliyefuata kupokea alikuwa msimamizi. Katarina alifumba macho, akafungua kinywa, akapokea.

Padri alipomaliza alichukuliwa na gari la injinia kwenda kunywa chai. Watu wakabaki uwanjani. Mama Ponsian, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kulima mpunga, alimvuta mkwewe kando. Kando, nasema, lakini shangazi wanne walikuwa wanasikia.

"Mwanangu, kwa nini hukukomunika?"

Verdiana alijua neno moja tu la kusema, na lilikuwa la kweli. "Nilionja chenga, mama. Asubuhi, jikoni. Nilisahau."

"Chenga," Mama Ponsian akarudia polepole.

Kumbuka huyu ni mtu wa Mpimbwe. Kwao chenga ni mchele uliovunjika kinuni, ule unaobaki chini ya ungo na kutupiwa kuku. Na mwanamke anayeamka alfajiri kutafuna mchele, kila mkulima wa mpunga anajua ana nini tumboni.

"Mbichi au zilizoiva?"

"Mbichi, mama. Zilikuwa bado hazijaingia motoni."

Shangazi mmoja akashika kiuno.

"Na ni leo tu, au huwa unaonja?"

"Huwa naonja kila mara. Nimezoea," akasema Verdiana. Alidhani kuzoea kutamtetea, kwamba wataona ni mkono tu uliokosea, si dharau kwa Sakramenti. Maskini, alikuwa anajichimbia shimo kwa jembe la ukweli.

Ponsian alikuwa amesogea. Alisikia mbichi, alisikia kila mara. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

"Nini ya nani?" Verdiana hakuelewa. Kisha akaziona nyuso zao, akaona macho ya mama mkwe yametua tumboni kwake, akaelewa. "Hapana. Si za mchele. Ni chenga za pai. Za unga. Mama Katarina, waambie."

"Sasa zimekuwa za unga," akasema shangazi.

Mama Ponsian akamgeukia Katarina. Aliuliza kwa heshima, kama inavyotakiwa kumuuliza msimamizi. "Dada, wewe unakaa naye, unapika naye. Ni kweli huyu mtoto ana desturi ya kutafuna chenga?"

Ilitakiwa sentensi moja. Ni unga na siagi na sukari, ni mapambo ya pai ya Wazungu, na ni mimi niliyempa kijiko. Watu wangecheka mpaka machozi yawatoke, na harusi ingeendelea. Katarina alimtazama Verdiana. Aliona vidole vyake, vyembamba, bado vina unga kidogo kwenye kucha. Akafikiria beseni la kufulia na sabuni ya kukata ngozi.

"Nimemwona mara nyingi," akasema. "Nilidhani ni njaa tu."

Mama Ponsian alivuta kanga yake mabegani na kukata shauri pale pale: ndoa imefungwa na Kanisa, haifunguliki, lakini mkwe hatalala kwa mwanawe. Ataondoka na lori kwenda Kibaoni leo, atakaa machoni pake, atalima, na wao watahesabu miezi. Tumbo likitokea, watajua. Na lisipotokea, je? Shangazi alikuwa ameshajibu, kando, kwamba dawa za kutoa zipo na wasichana wa mjini wanazijua. Ponsian alisimama anatazama viatu vyake vipya.

Wakamvua shela ili isichafuke kwa vumbi. Sanduku lake likapakiwa kati ya magunia. Verdiana hakulia, alikuwa amekauka. Lakini desturi ilikuwa moja, bibi arusi haondoki bila kumuaga msimamizi, na Mama Ponsian, mtu wa adabu, akamsukuma kidogo begani.

Verdiana akaja. Akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Katarina, na watu wote wakasogea kuwasikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Katarina.