Setilaiti Uani kwa Bogna

Jumanne, saa saba na nusu mchana, Bogna Pytel alikuwa akifuta ukingo wa dirisha la jikoni kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Kitambaa kilitoka cheusi na chenye mafuta. Nje, setilaiti ilishuka kutoka mawinguni, ikatua uani kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, ikakunja mabawa. Ilikuwa kubwa kama ng'ombe wa maziwa. Ikakohoa.

Bogna aliifahamu, maana ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Miaka tisa sasa, kwenye meza hiyo hiyo ya jikoni, aliifanyia kazi taasisi moja ya Krakow: kukadiria, kwa picha za setilaiti, vumbi laini la moshi linaloingia vifuani mwa watu dunia nzima. Hewa ya Lahore aliijua, na ya Kinshasa pia. Ya mji wake wa Zimnodół hakuijua. Kuanzia Novemba hadi Machi wingu lililifunika bonde, na setilaiti haioni kupitia wingu, kwa hiyo kwenye ramani mji ulibaki mweupe. Mweupe maana yake hatujui. Baraza la mji liliichapa ramani hiyo kwenye vipeperushi na kuandika chini yake: Hewa Safi Kuliko Zote Poland. Kwa vipeperushi hivyo, kituo cha tiba kilichoko kilimani kililetewa watoto wenye pumu. Jumatatu wangekuja arobaini.

Basi setilaiti ilichoka kutoona, ikaja yenyewe.

Jirani yake, mzee Mietek, alichungulia juu ya ua.

"Bibi Bogna, hilo dude la nani?"

"La kazini."

"Linanuka."

"Unayenuka ni wewe, jirani. Leo unachoma nini?"

"Viatu vya marehemu mke wangu."

"Vya ngozi?"

"Plastiki. Ngozi haishiki moto, inakusumbua tu. Halafu jiko langu, bomba langu. Moshi si unapanda juu?"

Haukupanda juu. Uliteleza kwenye paa, ukaingia uani, ukailalia setilaiti. Bogna akalifuta jicho la kioo la setilaiti, na kitambaa kikatoka na ute mweusi unaovutika. Akatema mate, nayo yalikuwa na weusi.

Setilaiti ikapima: mikrogramu 187 za vumbi kwa kila mita ya ujazo, zaidi ya mara kumi na mbili ya kile madaktari wanachoruhusu kwa siku moja. Jumatano ikarudi saa ile ile, na Alhamisi. Bogna aliziingiza tarakimu kwenye ramani, mji ukageuka zambarau, rangi ya hewa mbaya kuliko zote. Meya alikuja kutazama, akaigonga setilaiti kwa kifundo cha kidole, akaitoza ada ya hewa safi kama mgeni mwingine yeyote. Risiti akaibandika kwenye bawa.

Ijumaa Profesa Halicka, mkuu wake, alipiga simu kutoka Krakow.

"Bogna, mpenzi, mji wako una rangi mbaya."

"Ndiyo rangi yake. Setilaiti imeshuka kupima."

"Nimeona. Mita moja na nusu kutoka ardhini. Vipimo ni sahihi, sibishi. Ila kipimo cha setilaiti lazima kitoke juu. Nimevifuta."

"Jumatatu kuna watoto arobaini wanaletwa huku kupumua."

"Sisi tumeandika pembeni kwamba weupe ni ukosefu wa takwimu."

"Kwa herufi za ukubwa gani?"

Kwenye simu ilisikika karatasi ikifunuliwa.

"Ndogo," alisema.

Bogna aliwachukia wote, akajichukia na yeye, maana weupe ule aliuchora kwa mkono wake.

Jumatatu alipanda kilimani na karatasi ya tarakimu. Setilaiti ilimfuata nyuma ikikohoa. Muuguzi wa kituo aliisoma karatasi yote kwa adabu, akamrudishia.

"Lakini ramani ni nyeupe, mama," alisema, kisha akawageukia watoto waliopangwa barazani. "Haya, wapenzi. Vuteni pumzi, mpaka chini kabisa. Tena. We mwenye kofia, mbona unavuta kwa ubahili? Hewa ya bure hiyo!"

Mtoto mwenye kofia akavuta zaidi. Ilipotimia saa saba na nusu setilaiti ikapima pale pale barazani. Tarakimu ilikuwa imeshuka hadi 186. Iliyopungua ilikuwa imeshaingia vifuani mwa watoto.