Sura ya Mamba

Erasto alikosea sura ya Mamba, na mwenye Mamba alikuwa ameshaiona.

Picha ilikuwa inazunguka kwenye simu tangu asubuhi: jalada la katuni mpya, Radi na Mamba bega kwa bega, na chini yake maneno manene kwamba mashujaa wawili wa Kusini wanakutana tena, toleo la kwanza Jumatatu. Zuberi, mwenye Mamba, alijibu kutoka kijijini Kitaya kwa maneno matano tu. "Huyo siyo Mamba wangu, Erasto."

Erasto akafunga kibanda chake cha kuandika mabango pale mjini, Chikongola, akaviringisha kurasa zote kumi na moja pamoja na jalada, akaenda Kitaya.

Miaka thelathini nyuma walisoma darasa moja. Radi, mtoto wa kuli wa bandarini, alikuwa wa Erasto. Mamba, aliyetoka ndani ya mto Ruvuma na kuvunja boti kwa mkia, alikuwa wa Zuberi. Wanafunzi waliazima madaftari yao na kugombana kama washabiki wa mpira. Zuberi aliporudi kwao Kitaya, wakaamua kuwakutanisha mashujaa hao. Vita ya Mto, madaftari sita. Sheria ilikuwa moja: humchori shujaa wa mwenzio. Erasto alichora Radi na mawingu yake, akaacha pengo jeupe, akamkabidhi daftari kondakta wa gari la Kitaya. Baada ya wiki lilirudi, na Mamba amekaa ndani ya pengo kama mguu ndani ya kiatu chake.

Safari hii Erasto hakuacha pengo; alimchora Mamba mwenyewe. Doris, mhariri wa Dar es Salaam, alikuwa na haraka.

Aliwakuta Zuberi na mkewe, Nuru, shambani wanaokota korosho.

"Shemeji, umekuja kuomba msamaha au kula?" Nuru aliuliza.

"Vyote."

"Basi anza kuokota. Ndoo ile pale."

Zuberi alifuta mikono, akafunua kurasa moja moja. Akaweka kidole kwenye shavu la Mamba.

"Hii nini?"

"Chale zake. Si alikuwa nazo?"

"Umezigeuza zikaangalia juu. Na umeongeza mbili."

"Niliona zinapendeza."

"Zinapendeza! Mtu mzima hovyo wewe. Hizo chale ni za bibi yangu. Alichanjwa ng'ambo ya mto akiwa msichana. Picha yake hatuna hata moja. Nikianza kuisahau sura yake, nafungua daftari namtazama Mamba."

Erasto aliinama kulitazama shavu lile. Ugali wa bibi yule alikuwa ameula likizo nne nzima, ameketi naye uso kwa uso, na siku zote alidhani chale za Mamba ni mapambo ya katuni.

"Basi mchore wewe," alisema.

"Nitamchora. Korosho zikiisha."

"Zuberi, ni Jumatatu!"

"Mamba hajawahi kuwa na Jumatatu."

Erasto alimpigia Doris simu kuomba muda.

"Bila Mamba sina toleo, kaka," Doris alisema. "Nafasi nampa mwingine. Mistari ya shavuni tu hiyo, nani ataiangalia?"

Erasto alimtazama Zuberi, aliyekuwa bado ameshika ukurasa ule ule.

"Mpe huyo mwingine," alisema, akakata simu. "Shemeji, una wembe?"

Akaketi juu ya gunia, akaanza kukwangua wino taratibu, kama walivyokwangua makosa shuleni, asije akatoboa karatasi. Zuberi alishika ncha zisipeperuke. Adhana ya alasiri iliwakuta hapo hapo.

Nyembe mbili ziliisha. Mamba ishirini na saba walikwanguliwa, na jalada moja likachanwa. Jumatatu lilitoka toleo la mtu mwingine, na mwaka ule Radi hakutoka kabisa. Kurasa kumi na moja zilibaki Kitaya, nyumbani kwa Zuberi, zikiwa na mapengo ishirini na saba.