Kabeya na Gurudumu ya Ndeke

Hapa Kolwezi, mu miaka ile yenye tulikuwa tunaitana citoyen na citoyenne, ni kusema mwananchi, kulikuwa bwana moja, jina yake Kabeya. Alikuwa shefu pa kiwanja ya ndeke, kwa kompani moja ya kubeba bantu. Batumikaji bake habakuwa bengi: bale ba kuuza tike, bale ba kupima mizigo, Masudi wa kamyo ya mafuta, na Mama Mbelu, mwenye alikuwa anasafisha ndani ya ndeke kila inapofika.

Mama Mbelu alikuwa mama mukwe ya Kabeya. Yeye njo alizaa Ntumba, bibi ya Kabeya. Kazi ile alikuwa nayo tangu zamani, mbele Kabeya atumwe pale kuwa shefu. Bwana yake alishakufa, na mushahara ile njo ilikuwa inalisha batoto bake ba mwisho, benye balikuwa bado ku masomo.

Kwetu bantu ba Kasai, muntu na mama mukwe yake habaangaliani mu macho. Habakuli pamoja, habapeani mukono, na jina ya mama ile haitoki mu kinywa ya mukwe hata umufinye. Haya ile, njo tunaiita bukwe, inaisha siku mukwe analeta mbuzi. Bantu banakula, njia inafunguka. Lakini mbuzi ya Kabeya, kila mwaka ilikuwa ya mwaka ingine. Ntumba alichoka kumukumbusha.

Basi pale kiwanjani bakajitengenezea njia yao. Ndeke ikifika, Mama Mbelu alipanda na kifagio yake, na Kabeya alijifungia mu biro mpaka Masudi apige honi ya kamyo. Honi ilisema: mama ametoka. Hapo njo Kabeya alipanda kukagua. Akiwa na neno, alimwambia Masudi, na mama yuko pale pembeni, amegeuka, anasikia yote.

"Masudi, umwambie mama kule nyuma kuko harufu ya samaki."

"Masudi," mama anajibu, "umwambie ule muntu samaki si mimi niliipandisha."

Masudi, mutoto wa bantu ba Maniema, alikuwa anacheka nao. "Mi na mama mukwe yangu tunakunywa chai ya birika moja. Ninyi munanilipa nini kwa kazi hii ya redio?"

Kiangazi moja habari ikafika: kompani inapunguza bantu. Mukubwa wa personeli, Citoyen Mukalay, angekuja na ndeke ya asubuhi kutoka Lubumbashi na kurudi na ile ya mangaribi. Makaratasi hakutaka. Alisema kila kiwanja inamutumia makaratasi yenye inasema bantu bote ni bazuri, na kumbe kuko bengine banalala. Yeye angesimamisha kila mutumikaji mbele ya bote, na shefu aseme kwa kinywa yake huyu anafaa nini.

Kabeya alivaa abacost yake mupya, ile koti ya bakubwa yenye haitaki kravati. Siku ile balimupandisha kuwa shefu, Mukalay alikuwa amemuuliza: "Wewe uko muntu wa biro ao wa mugini, wa kijiji?" Naye alijibu: "Mukubwa, mambo ya mugini ninaacha ku mulango." Jibu ile ilimupendeza sana Mukalay, na Kabeya hakuisahau.

Bakapanga mustari mbele ya nyumba ya mizigo. Kwa bale ba tike Kabeya alisema vizuri. Kwa bale ba kupima mizigo alisema vizuri. Masudi, alisema, anaongea mingi lakini mafuta hamwangi. Kisha Mukalay akasimama mbele ya Mama Mbelu. Mama alikuwa amegeuka upande, kitambaa ameishusha mpaka ku pua.

"Na citoyenne huyu?"

Kabeya aliangalia biatu byake.

"Citoyen Kabeya, ninakuuliza. Anafika kwa saa?"

Kabeya akapangusa vumbi ku mukono ya abacost yake.

"Anasafisha vizuri? Vibaya? Anaiba?"

Masudi alikohoa, akafungua kinywa. Kabeya akamupiga jicho, naye akaifunga.

Mukalay alitikisa kichwa. "Yeye hawezi kuniangalia mu uso, na shefu yake hana hata neno moja kwa ajili yake. Nimeelewa. Citoyenne, utasafisha ndeke ya mangaribi, kisha utarudisha kifagio na kanzu ya kazi."

"Ndiyo, tata," mama alijibu. Mustari ikavunjika, kila muntu akiangalia kwake.

Masudi alimufuata Kabeya mu biro. "Shefu, leo redio yako ilikuwa tayari. Uliizima juu ya nini?"

"Ungetaka niseme nini? Ni mama mukwe yangu. Ile ni heshima."

"Heshima," Masudi alisema. "Sawa. Ukifika ku nyumba umwambie Ntumba vile vile. Umwambie mama yake amekosa kazi kwa heshima."

Alitoka, akaacha mulango wazi.

Kabeya alikaa. Neno ile ya heshima, alijua si kweli. Neno moja tu ingetosha. Angemuvuta Mukalay pembeni na kumwambia: bukwe. Muntu gani wa inchi hii hajui bukwe? Aliona haya, lakini si haya ya mama. Aliona haya ya kuonekana muntu wa mugini, na abacost yake mupya. Na mama, mwenye hakukosa kitu, njo alilipa.

Alipotoka, jua lilikuwa linashuka. Basafiri balishapanga mustari chini ya ndeke na mabeseni yao na kuku zao. Mukalay alikuwa ku ngazi na sanduku yake. Mulango wa ndeke ulikuwa wazi, na bantu balisikia kifagio ya mama ndani: shwa, shwa.

"Mukubwa, tuongee kidogo pembeni."

"Asubuhi nilikuuliza mbele ya bote. Sema hapa."

Kabeya akageuka. Mulango wa ndeke aliupa mugongo, na kwa sababu hakuwa na pa kuweka macho, akaweka ku gurudumu. Akaanza kuongea nayo.

"Ule mama, mi sijamuona akitumika hata siku moja."

Bantu bakacheka.

"Ni mama mukwe yangu. Lakini mi ninapandaka nyuma yake. Mikaba ya biti anaipanga kwa musalaba, juu muntu asikalie chuma. Siku ile mutoto alitapika mpaka chini ya biti, nilipopanda nilikuta harufu ya ndimu tu. Injenia moja alisahau saa yake ya dhahabu mu ndeke, yeye njo aliiona. Niliikuta ku kiti ya mbele imefungwa mu kitambaa, na hakuna muntu alikuja kuomba asante."

Mukalay aliweka sanduku yake chini. "Mi pia niko na mama mukwe," akasema. "Nikimuona mu soko ninapita njia ingine. Ungeniita pembeni asubuhi, ningeelewa mbele umalize. Ulinyamaza juu ya nini?"

"Niliogopa utasema mi ni muntu wa mugini."

"Na sasa unaongea na gurudumu."

Mama moja wa mustari alicheka mpaka akatua beseni yake chini. Kabeya hakugeuka.

"Sikiliza," Mukalay alisema. "Mi nilimufukuza mbele ya bote. Wewe utasema mbele ya bote kwamba anabaki. Na kwa jina yake, bantu bajue ni nani."

"Jina, hapana, mukubwa. Nisamehe."

"Ndeke inaondoka."

Kabeya alishika gurudumu kwa mukono, sawa muntu mwenye anashika mulango. "Mbelu," akasema. "Mama Mbelu anabaki ku kazi."

Ndani ya ndeke kifagio ikanyamaza.

Mama alitoka, kitambaa yote mu uso, akashuka ngazi akipapasa na muguu. Chini akasimama, mugongo wake kwa mugongo ya Kabeya.

"Masudi," akasema, "umwambie ule muntu jina yangu leo imetoka mu kinywa yake mbele ya kuku za bantu. Mi nitabaki ku kazi, juu niko na batoto. Yeye alete mbuzi Jumapili, siku ya Mungu."

"Shefu, umesikia?" Masudi akauliza. Mara ile hakucheka.

"Umwambie nimesikia."

Mbuzi ilifika. Ntumba alipika, bazee ba familia bakaonja, njia ikafunguliwa. Mama Mbelu aliketi mbele ya Kabeya, uso wazi, na kila muntu akangoja. Sasa mukwe alikuwa na ruhusa ya kumuangalia. Kabeya aliangalia sahani.

"Kula, mutoto yangu," mama alimwambia, kwa kinywa yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu ndoa. "Nyama inapoa."

Alikula, kichwa chini, na Ntumba alisema kisha kwamba hakujua kama bwana yake alisikia utamu ya nyama ile.

Kesho yake ndeke ilifika. Mama akapanda na kifagio. Kabeya aliingia mu biro, akafunga mulango.

Masudi akagonga dirisha. "Shefu, njia si imefunguka? Panda tu."

"Ngoja atoke," Kabeya alijibu. "Kisha upige honi."