Bati la Namba 47

Jumanne moja ya Mei 1996, Pantaleo alitoka Ifakara na baiskeli, nyuma amefunga sukari, sabuni na bati la kijani la alama ya barabara, lenye namba 47. Barabara ya mchepuko ilikuwa imefunguliwa pembeni ya mji, ikachukua namba hiyo, na ile ya zamani inayopita sokoni ikapewa 112. Mabati ya zamani yalitupwa nyuma ya stoo ya idara ya barabara. Mlinzi alimwambia achukue moja tu, asilete fujo.

Aliligongomea kwenye paa la dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo yeye, mkewe Eufrasia na mkwe wao Noela waliishi msimu mzima, wakilinda mpunga usimalizwe na ndege na nguruwe. Kutoka hapo hadi hospitali ya Ifakara ni mwendo wa saa nane, tena kwenye matope. Mwaka juzi binti yao Sikitu alibebwa kitandani kwenda kujifungua, akafia njiani. Sasa Noela alikuwa na mimba ya miezi tisa, na Eufrasia usingizi hapati.

Asubuhi barabara ilikuwa imeshafika. Ilitoka Ifakara, ikakata mashamba bila kulaza hata suke moja, ikapita chini ya dungu, changarawe na mitaro yake kamili. Eufrasia alishuka akafunga kuku kamba, maana magari hayana adabu.

Saa tatu likaja basi la Mlimba. Dereva, Donati, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mama. Hili dungu mngelisogeza kidogo, keria inagusa."

"Marahaba mwanangu. Sisi ndio tuliotangulia."

"Lakini namba ndiyo hii?"

"Si unaisoma?"

Donati alikubali, akaondoa gari.

Alhamisi uchungu ukamshika Noela. Eufrasia alisimama katikati ya barabara, mkono mmoja na rozari, mwingine analipungia basi. Dakika arobaini wakawa hospitali. Saa saba mchana akazaliwa mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Eufrasia alikaa sakafuni palepale wodini akalia kwa sauti.

"Mama, mbona wote wazima?" muuguzi alimuuliza.

"Ndiyo maana nalia. Niache nilie, mwanangu."

Jumatatu, wakiwa wamesharudi dunguni, akaja afisa wa barabara kwa pikipiki, ana faili. Alisema namba 47 ni ya mchepuko, na huku ramani inaonyesha mpunga.

"Basi chukua bati, tuachie barabara," Eufrasia alisema.

"Haviachani, mama. Tena huku hakuna aliyewahi kuomba barabara."

"Tumeandika barua tangu mwaka themanini na moja!"

"Zile zilihusu eneo lisilo na namba," afisa alijibu, kwa upole kabisa.

Aling'oa bati. Barabara ikaanza kujikunja kuelekea Ifakara, taratibu, ikamsubiri yeye na pikipiki yake watangulie.

Eufrasia alimwogesha mjukuu. "Wetu ameshafika," alisema, na moyo ulikuwa mweupe mpaka akaona aibu, kwa sababu jirani yao Levina, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amekaa hapo hapo. Levina alimpakata mtoto, akamsifu, akamrudisha kwa bibi yake. Kisha akaenda kwenye dungu lake, akakunja mkeka, akajitwika sufuria na mchele, akaanza kutembea kwenda Ifakara, ili awahi.