Miche Minne na Mnyororo wa Sithon

Alhamisi aliyorudi Sithon, mkewe Buaphan alikuwa nyuma ya jiko akichuma majani ya bangi ya kutia kwenye supu ya kuku. Alichuma matatu. La nne huwachekesha watu kabla supu haijaiva, na shemeji yake Bunthan, aliyekuwa tayari ameketi jamvini na phin mapajani, hakuhitaji kuchekeshwa na mtu. Bunthan alikuwa anakaza nyuzi. Phin ina nyuzi tatu tu, lakini yeye huweza kuzikaza kwa saa nzima, kisha akapiga kwa robo saa na kusema amechoka.

Sithon aliingia kwa upande wa banda la nguruwe, akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi. Alikuwa amekufa miaka ishirini na mitatu. Alivaa shati na kaptula ya kahawia ya jela, na miguuni alikuwa na pingu zake, bangili mbili nene za chuma zilizoungwa kwa mnyororo wa urefu wa mkono.

"Umechelewa," Buaphan alimwambia.

"Na hatua zenyewe hizi," Sithon akajibu, akaunyoosha mnyororo ili auone. "Supu ipo?"

Buaphan akaongeza bakuli.

Miezi michache kabla, serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila kaya ina ruhusa ya kupanda bangi nyumbani, mradi ijiandikishe kwa simu. Buaphan alijiandikisha asubuhi ya kwanza. Mashine ilipomuuliza ana miche mingapi, aliandika minne, maana Sithon alifungwa kwa miche minne, na yeye alitaka idadi iwe ileile, asipunguze hata mmoja. Aliiotesha katika mitungi ya maji iliyopasuka midomo. Aliimwagilia maji yaliyooshea mchele, akaitia samadi ya kuku, na kila alfajiri aliigeuza majani kutafuta wadudu huku akiigombeza. Mmoja ulikuwa mvivu wa kurefuka, akauita Bunthan.

Ile ya Sithon ilikuwa nyuma ya banda la nguruwe, nayo aliipanda kwa ajili ya supu, kwa ajili ya kifua cha mama yake, na kwa ajili ya kujiburudisha jioni wanapopiga muziki. Afisa wa polisi aliyeitwa Thawat alikuja kumkamata wakiwa katikati ya wimbo, na hakungoja uishe. Sithon alihukumiwa miaka saba. Mwaka wa tatu akafa kwa homa, akachomwa hukohuko, na majivu yake yakaletwa katika kopo la biskuti pamoja na karatasi ya kusaini. Pingu hazikuwemo koponi. Buaphan alidhani zimebaki serikalini.

Baada ya kula, Sithon aliiangua khaen yake ukutani. Khaen ni mianzi kumi na sita iliyopangwa safu mbili, na hulia ukipuliza na hulia ukivuta pumzi. Sithon alipuliza, hola. Akavuta, hola.

"Sina pumzi," alisema. "Si ya kutoa wala ya kuingiza."

"Lete hapa," Buaphan alisema. Alikuwa amejifunza katika ujane, kwa sababu panya walikuwa wameanza kuizoea.

Chantha, jirani yao muuza saladi ya papai, alifika na matoazi yake madogo. Chantha hugonga matoazi baada ya kila mtu, na akiambiwa, hujibu kwamba wenzake ndio wanaowahi. Wakaanza. Ulikuwa muziki mbaya kama kawaida: Bunthan alikimbia, Chantha akabaki nyuma, Buaphan akawa anakwenda huku na huku kati yao kama mama mwenye watoto wawili sokoni. Ndipo Sithon akaanza kupiga kisigino kwenye kipago. Mnyororo ukalia. Cha, cha-cha. Cha, cha-cha. Bunthan alipunguza mwendo bila kuambiwa, Chantha akashika pigo lake mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kupiga pamoja, watu hao walimaliza wimbo kwa wakati mmoja.

"Kaka, usiondoke tena," Bunthan alisema, machozi yakimlengalenga. "Tumekuwa aibu ya kijiji."

"Mlikuwa aibu tangu nikiwa hai," Sithon alisema.

Jua lilipozama aliondoka, na kesho yake akarudi. Kuanzia hapo alikuja kila siku kivuli cha nyumba kinapofika kwenye mitungi.

Buaphan alifurahi, asiseme uongo. Lakini alikuwa na jambo moja lililomkera moyoni. Zamani Sithon alikuwa mchezaji. Alicheza kwa hatua ndefu, magoti yakipanda juu na mikono ikipepea, mpaka kuku wakakimbilia kwa majirani. Sasa alisimama kucheza akaenda hatua mbili, mnyororo ukamkatiza, akakaa. Alicheka, ila Buaphan hakucheka. Alitaka kuziona hatua zile tena. Hakutaka kingine chochote kutoka duniani wala ahera.

Bunthan alileta msumeno. Meno yakaisha, chuma kisipate hata mkwaruzo. Wakaenda kwa mhunzi, naye akagonga mara tatu, akaweka nyundo chini na kujipangusa jasho.

"Hiki chuma cha serikali, mama," alisema. "Hakisikii moto. Kinasikia karatasi."

Basi Jumatatu Buaphan alimpakia mumewe kwenye kigari cha pembeni cha pikipiki, wakaenda ofisi ya wilaya. Karani Phonthip, binti mpole mwenye miwani, aliwapa namba mbili za foleni, moja ya Buaphan na moja ya marehemu. Walipofikiwa, alisoma jalada ukurasa kwa ukurasa.

"Sheria mpya inahusu miche mipya, bibi," alisema. "Ya babu ni ya zamani. Na bado ana miaka minne na miezi miwili."

"Amekufa."

"Naona, imeandikwa hapa. Ila siku zinahesabika akiwa ndani tu. Hizi anazokuja kwenu hazimo."

"Sasa nifanye nini, mjukuu wangu?"

Phonthip alivua miwani akaifuta. Alisema iko njia moja. Afisa aliyemkamata akiandika kwamba alikosea, jalada litafungwa, na pingu zitafunguka zenyewe. Akampa Sithon kikombe cha maji, naye Sithon akakipokea kwa heshima na kukaa nacho tu.

Buaphan hakwenda kwa Thawat. Alisema afadhali aule huo mnyororo na wali wa kunata. Lakini nakala ya jalada ilikwenda, kama nakala ziendavyo, na baada ya msimu mmoja wa mvua Thawat akaja mwenyewe.

Alikuwa amestaafu. Sasa alikuwa na shamba la bangi lenye kibali, limezungushiwa ukuta mahali kijiji kilipokuwa kikilishia ng'ombe, na feni zake zilivuma mchana kutwa. Alikuja na maembe. Alimsalimu Buaphan kwa viganja vilivyounganishwa, akamsalimu na Sithon, akakaa jamvini, akala supu mabakuli mawili.

"Yangu inanenepa tu," alisema, "lakini haina harufu. Unaitia kwenye supu, ni kama umetia karatasi. Hii yako ni mbegu ya zamani, mama. Ile ile ya mumeo?"

"Ile ile. Mama mkwe alificha konzi moja kwenye mtungi wa chumvi."

Thawat alitikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akasema alilojia. Sheria ilikuwa inarudi nyuma. Kabla ya mwaka kwisha, wa kupanda watakuwa wenye vibali tu, na bibi wa kijijini hawezi kupata kibali, kinahitaji ukuta na kamera. Alitaka mbegu zote, na miche ing'olewe, ili aina hiyo iwe yake peke yake. Naye angeandika barua.

"Utaandika ulikosea?" Buaphan aliuliza.

"Nitaandika."

"Na unaona ulikosea?"

"La," Thawat alisema bila kinyongo. "Nilifanya kazi yangu. Lakini barua haiulizi naonaje. Nitaandika kwamba ilikuwa bamia. Majani yanakaribiana, ilikuwa jioni, macho yangu yalinidanganya. Mtu alifungwa kwa bamia, jalada linafungwa, kila mtu ana amani."

Bunthan aliacha kukaza nyuzi. Buaphan alitazama miguu ya mumewe. Aliona nyama iliyolika pale bangili zinapokaa, akakumbuka hatua zile ndefu, na mkono wake ukaenda wenyewe mpaka kwenye kichupa cha mbegu kilichokuwa mfukoni.

"Mimi sikupanda bamia," Sithon alisema.

"Nyamaza kwanza," Buaphan alisema.

"Sikupanda bamia, Buaphan. Bamia siipendi hata, ina utelezi. Nilipanda bangi. Miche minne. Ilinifika kifuani, na ilikuwa mizuri, nawe uliisifu."

"Kichwa kigumu! Hata kufa hakukukusaidia! Mimi nataka ucheze, wewe unataka kusifiwa bangi?"

"Nitacheza bamia mimi?"

Buaphan alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimchukia Sithon kwa dakika nzima, kwa sababu alijua anasema kweli. Kama miguu ile ingefunguliwa kwa bamia, basi mtu aliyefungwa miaka ile asingekuwa Sithon, angekuwa mkulima fulani wa mboga, na huyo Buaphan hakuolewa naye. Akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Chukua maembe yako," alimwambia Thawat. "Supu umekula, hiyo nimekupa."

Thawat aliaga kwa adabu. Maembe aliyaacha, na Chantha akayapika na sukari.

Sheria ilirudi nyuma kama alivyosema. Jumanne moja saa kumi alasiri, Phonthip alifika na gari la wilaya na vibarua wawili wenye majembe. Buaphan alikuwa jamvini akiikarabati khaen. Kila mwaka huzibwa upya kwa nta nyeusi pale mianzi inapoingia kwenye kichwa cha mbao, pumzi isivuje. Alikuwa ameilainisha nta juani, na alikuwa anaikandika kwa dole gumba, na kila akikandika alididimiza mbegu moja ndani. Alikuwa amebakisha sita.

"Bibi, nimekuja kwa ile miche," Phonthip alisema.

"Iko pale. Ule mfupi ni Bunthan, mshike taratibu."

"Na mbegu?"

"Hizi hapa," Buaphan alisema, akadidimiza nyingine.

Phonthip alitazama khaen, akatazama fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya mifuko, makopo, ndoo na magunia. Haikuwa na nafasi ya ala za muziki. Alipiga mstari.

"Wanaoishi humu wakitiwa hatiani hufungwa," alisema, akasoma zaidi, kisha akamtazama Sithon pale kwenye kipago. "Lakini naona mmoja tayari ana pingu."

"Zangu zilitangulia," Sithon alisema.

"Basi itatosha. Nisainie hapa, bibi."

"Mikono yangu ina kazi," Buaphan alisema, akadidimiza mbegu ya mwisho na kuipeleka khaen mdomoni. "Subiri wimbo uishe."

Aliwapigia ule wimbo ambao Thawat hakuungoja. Hawakuwa wameugusa tangu siku ile, lakini kila mmoja aliujua mwanzo wake, na hakuna aliyeufahamu vizuri mwisho. Buaphan alipuliza, nta ikapata joto chini ya viganja vyake. Bunthan akaingia na phin, safari hii bila kukaza kitu. Chantha alitoka mbio kibandani kwake na matoazi, mikono ikinuka ndimu na pilipili. Na Sithon akasimama wima, akapanua miguu mpaka mnyororo ukakazika, akaanza kukanyaga. Cha, cha-cha. Hatua zilikuwa fupi. Alizipiga kwa nguvu hivi kwamba kuku wakakimbilia kwa majirani.

Vibarua walikuwa wanang'oa. Waling'oa wa kwanza ovyo, wa pili kwa mdundo, na wa tatu na wa nne waliinama na kuinuka pamoja kana kwamba wameajiriwa na bendi. Mmoja wao alikuwa anatabasamu, akajizuia alipoona karani anamtazama. Karani naye alikuwa anagonga kalamu kwenye jalada.

Walipofika pale kwenye wimbo ambapo Thawat alimshika Sithon kola, Buaphan hakusita. Alivuta pumzi badala ya kupuliza, khaen ikaendelea kulia vilevile, na wakapita. Mwisho wa wimbo hawakuupata mara ya kwanza, wakazunguka. Hawakuupata mara ya pili. Phonthip alitazama saa yake mara moja tu. Kivuli kilipita mitungi, kikapita banda la nguruwe, na mara ya sita mwisho wakaupata, wote wanne, kwa pigo moja la mnyororo.

Buaphan alisaini. Gari likaondoka na miche minne imelala, mizizi nje, likipita kando ya ule ukuta ambao feni zake zilikuwa zinavuma. Mitungi ilibaki na mashimo. Sithon aliketi, akazishusha pingu zisimbane, na pale zilipokaa palikuwa pabichi.

"Zinauma?" Buaphan aliuliza.

"Zinauma."

"Imebaki miaka minne na miezi miwili."

"Ile ile."

Buaphan alipitisha dole gumba juu ya nta, akazihesabu mbegu kwa kugusa, ishirini na nane, zote zimetulia. Mvua za kwanza zilikuwa bado miezi mitatu. Jua lilikuwa halijazama.

"Tena?" alimuuliza mumewe.

Sithon aliinua kisigino.