Kikohozi cha Soksi

Magoti ya Soksi yalivimba yote mawili kwa usiku mmoja, na vifundo vya miguu ya nyuma vikafuata kabla ya chai ya saa nne. Nilimpigia daktari wa mifugo, kisha Bosi, halafu nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeyapa magoti yale mgongo.

Msinione mwoga. Nimetunza farasi miaka ishirini na sita, na mateke niliyopigwa nayajua kwa aina zake. Lakini mwaka jana mtoto mwingine wa farasi alivimba goti moja, mimi nikajifanya najua, nikammwagia maji baridi siku tatu nikidhani mamake kamkanyaga. Kumbe goti limejaa usaha. Bosi ndiye aliyemshika kichwa alipochomwa sindano ya mwisho. Siku ile aliapa mbele yangu kwamba kiungo kikivimba tena bandani kwake, mnyama hatateseka hata siku moja, na Bosi akisema kasema. Sasa Soksi, wa miezi mitatu, miguu yake minne myeupe kama kavalishwa kwenda shule, alikuwa na viungo vinne vilivyovimba.

Daktari alikuwa binti mdogo aliyevaa buti kubwa. Bosi alipomaliza kumsimulia ya mwaka jana, alimpima Soksi joto akakuta homa. Akamsikiliza kifua kwa haraka, akasema hasikii kitu cha maana.

"Mtembeze, mama."

Nikamtoa mamake kwa kamba, Soksi akafuata. Hakufuata tu, akaruka na kurusha teke, mtukutu yule, roho yangu ikiwa mkononi.

"Hachechemei," daktari alisema. "Viungo vinne, na hachechemei. Yule wa mwaka jana alikuwaje?"

"Hakuweza hata kukanyaga," Bosi alijibu.

"Basi hili ni jambo jingine." Akanigeukia. "Mama, huyu anakohoa?"

Jicho langu likaenda kwenye ufagio. Bosi ananiita Mama Ufagio, na jina hilo nimelipata kwa jasho. Nafagia banda mara mbili kila asubuhi mpaka sakafu inang'aa. Mamake Soksi hapendi kutoka kukiwa bado na baridi, kwa hiyo nilikuwa nafagia wao wakiwa ndani, vumbi likitufunika sote. Juma lililopita Soksi alikohoa mara tatu katikati ya vumbi langu, nikacheka, nikamwambia pole mwanangu. Juzi akakohoa bila vumbi. Sikucheka, lakini kwenye ubao wa wagonjwa sikuandika kitu.

Nikawaza haraka haraka. Magoti peke yake yanatosha kumuua. Nikiongeza na kifua, nimemmaliza kwa mdomo wangu.

"Hajakohoa," nikasema.

Daktari akakunja uso. "Kama kifua ni kizima, sielewi. Huenda vijidudu vimeingia kwenye damu. Nipeni siku mbili nipime maji ya goti."

"Siku mbili," Bosi alisema taratibu. "Mwaka jana tulisubiri tatu. Hapana, binti yangu. Kalete sindano."

"Mzee, bado hatujajua..."

"Mnyama ni wangu. Kalete."

Daktari akaondoka kuelekea garini kwake, hatua nzito. Nikawarudisha Soksi na mamake bandani, Bosi akaingia akamshika Soksi kichwa, vilevile alivyomshika yule mwingine, na Soksi akaanza kumlamba vidole. Sikuweza kuvumilia zaidi.

"Anakohoa!" nilipiga kelele. "Daktari, rudi! Nimesema uongo. Anakohoa tangu juma lililopita!"

Bosi alinitazama kwa macho ambayo nisingependa kuyaona tena. Daktari alikuwa tayari anakimbia na buti zake zile. Akatoa mfuko wa plastiki, akamziba Soksi puani kwa muda mfupi ili avute pumzi kwa nguvu, kisha akauondoa na kubana sikilizio ubavuni. Soksi akahema kwa kina, akakohoa kikohozi kirefu chenye mikwaruzo. Daktari akaleta mashine ya picha, akaipitisha katikati ya mbavu. Kwenye kioo yakaonekana madoa meusi ya duara.

"Majipu kwenye mapafu," alisema. "Ugonjwa uko huku. Magotini sidhani kama kuna usaha, ingawa nitachota maji nihakikishe. Kinga ya mwili wake inapigana na kifua mpaka imevamia hata viungo vyake mwenyewe. Tutibu kifua, magoti yatashuka. Msiyaguse."

"Atapona?" Bosi aliuliza.

"Siwezi kuahidi. Dawa ni ya wiki nyingi."

Nikauliza nilichoogopa kuuliza. "Na vumbi?"

Alisita, binti wa watu. "Vijidudu hivi hukaa kwenye udongo, mama. Hata angekuwa nje angeweza kuvipata. Ila usifagie tena akiwa ndani."

Nililia pale pale, mbele yao, bila kujificha. Bosi hakunisemesha siku tisa. Kila siku niliwatoa Soksi na mamake kwanza, nikamwagia sakafu maji, ndipo nikafagia. Dawa nikampa kwa saa. Magoti yalibaki manene vilevile, mikono ikiniwasha kuyafunga bandeji, nikajizuia. Badala yake nilisimama mlangoni nimefumba macho, nasikiliza kifua chake, na kila alipokohoa niliandika ubaoni.

Siku ya kumi Bosi alikuja. Hakutazama magoti, wala hakuutazama ubao.

"Anakohoa?" aliniuliza.

"Jana mara mbili. Leo hajakohoa."

Alinitazama usoni. Kisha akavua kofia, akasimama kando yangu mlangoni, tukasikiliza wote wawili.